Lori Lisilozimwa Kwenye Bariere

Risasi iliingia ubavuni mwa Waridi asubuhi na haikutoka. Kassimu, mume wake, alimlaza kwenye kiti cha pembeni, akamfunga kitenge mara mbili, na sasa lori lilikuwa linapanda kilima kutoka Swima kwenda hospitali ya Baraka, kwa kujikokota. Alikanyaga mafuta mpaka chini. Nguvu hakuna. Taa ya chujio la moshi iliwaka mbele yake.

Taa ile aliijua. Fundi Eddy wa Baraka alimweleza mara tatu: masizi yanajaa kwenye chujio, na ili yaungue lazima joto lifike digrii mia sita, injini ingurume dakika ishirini bila kukatizwa. Lakini njia hii ina bariere sita, vizuizi vya kamba vya watu wenye bunduki, na heshima ya bariere ni kuzima injini. Asiyezima amewatukana wenye bunduki. Basi kila siku chujio lilianza kupata moto, na kila siku Kassimu aliuzima.

Sasa moto ulikuwa umeanza tena. Harufu ya chuma kinachoungua iliingia ndani.

"Vumilia kidogo, mama Munira," akasema. Midomo ya Waridi ilikuwa inaomba, sauti hakuna.

Kwenye bariere ya sita, ya mwisho, walisimama wanaume wawili. Mmoja, mwenye koti la nailoni, aliitwa Safari. Bashofere, madereva wote wa njia hii, walimwogopa.

"Zima."

Kassimu akamwomba. Mugonjwa yuko ndani, moto wa chujio uko katikati, lori likizimwa halitapanda tena. Safari alisikia kiburi tu. Akarukia mlango, kitako cha bunduki kikampiga Kassimu mdomoni, jino likamwangukia mapajani. Pigo la pili lilipasua nyusi. Mguu haukutoka kwenye mafuta. Safari akanyoosha mkono achukue ufunguo, Kassimu akaung'ata mpaka mfupa.

Safari akashuka, akautazama mkono wake unaotoka damu, akacheka.

"Siui we. Naua hii lori yako, halafu tutaona we na bibi yako mutafika na nini."

Akavua koti, akalikunja, akaenda nyuma kuliziba bomba la moshi kwa mikono miwili, vile walivyozoea kunyamazisha pikipiki za wakaidi.

Aliyelia haikuwa injini, alikuwa Safari. Nailoni iliyeyuka kwa joto la chujio ikamganda viganjani, na moto ukampanda mpaka viwiko. Mwenzake akaachia kamba, akakimbia na bidoni ya maji. Kassimu akapita juu ya kamba. Kilomita mbili mbele, kwenye mwinuko mbaya kuliko yote, lori lilipata nguvu.

Hospitalini Baraka walimwingiza Waridi chumba cha upasuaji, mlango ukafungwa. Muuguzi Constance alitoka mara moja, akamtoa Kassimu damu ya kumwongezea Waridi.

"Papa, bado anapumua," akasema, akarudi ndani.

Mchana pikipiki iliingia uani. Safari akateremshwa, bila bunduki, mikono imefungwa majani ya mgomba. Benchi lilikuwa moja tu, akakalishwa upande mmoja, Kassimu yuko upande wa pili. Mtu akamwekea chupa ya maji mapajani, akaenda kutafuta daktari. Safari akajaribu kuifungua kwa meno. Ikamponyoka, ikabingirika mpaka miguuni pa Kassimu.

Kassimu akaiokota. Nyuma ya mlango mtu aliita jina la Waridi, akaliita tena kwa nguvu zaidi. Kassimu akafungua kifuniko, akabaki na chupa mkononi, anasikiliza kama Waridi ataitika.