Kipengele cha Tisa

Kyungu, karani wa kampuni kubwa ya pamba pale Kamina, alirudi kutoka semina ya Lubumbashi na abakosti mpya, ile suti isiyovaliwa tai, na kijitabu cha kanuni za maadili kilichotungwa Ulaya. Wiki nzima aliwasomea wafanyakazi uani, kifua mbele. Alikipenda zaidi kipengele cha tisa: gari la kampuni si la shughuli binafsi, atakayekiuka, kazi hana.

Jumapili, Kyungu akiwa msibani Kabongo, uchungu ulimshika mkewe Mujinga, na mtoto alikuwa amekaa vibaya tumboni. Jirani yao Kalenga, dereva, alichukua gari la kampuni akamkimbiza hospitali. Kyungu aliporudi alimkuta mkewe mzima, na mtoto wa kiume. Aliposimuliwa alichofanya Kalenga, alilia kwa furaha.

Siku chache baadaye mkurugenzi alimsimamisha Kalenga mbele ya wote, akamwita sitwayeni, yaani raia, kama serikali ilivyotaka.

“Sitwayeni Kalenga, Jumapili ulipeleka gari wapi?”

“Hospitali, shefu. Mama moya alikuwa karibu kufa.”

“Bibi ya nani?”

Kalenga alimtazama Kyungu mara moja tu, akangoja. Kyungu aliinamia kijitabu chake. Alihofia kupoteza kazi yake. Alijiambia atakwenda kusema ofisini, polepole, watu wakishaondoka.

“Ya jirani,” Kalenga akajibu mwishowe.

“Sitwayeni Kyungu, soma kipengele cha tisa.”

Akasoma. Tena alisoma vizuri, kwa madaha yake yaleyale, mpaka mwisho. Ofisini hakwenda.

Alipofika nyumbani alimkuta Mujinga amebeba mtoto, jogoo amefungwa miguu.

“Twende kwa Kalenga tumuambie aksanti, baba. Weye njo mukubwa wa nyumba.”

Angekataaje? Mbuyi, mke wa Kalenga, alimpokea jogoo kwa mikono miwili, macho mekundu.

“Aksanti, mama. Lakini leo balimufukuza kazi, juu ya ile motokari.”

Mujinga alimgeukia mumewe. “Baba, haukubaambia kama ilikuwa minyi, bibi yako?”

“Bwana yako hakukuwa pale,” Kalenga akadakia upesi.

Huruma hiyo ilimchoma Kyungu kuliko tusi. Alitamani ardhi immeze.

“Nilikuwa pale,” akasema, akijigusa kifua. “Njo minyi nilisoma kile kipengele cha kumufukuza.”

Mujinga alimpa mgongo. Alikwenda kuketi mkekani karibu na Mbuyi, akamweka mtoto mapajani mwa mwenzake. Kyungu alibaki amesimama mlangoni, na hakuna aliyemkaribisha kiti.