Mama Mkwe Dirishani

Mama mkwe alikuwa anamimina chai alipoondoka. Birika lilibaki hewani pale mkono wake ulipokuwa, likaendelea kumimina mpaka kikombe kikajaa, kisha likashuka mezani taratibu kama unyoya. Mpiga video akakivuta kikombe, akampelekea mkewe, ambaye alikuwa kwenye cherehani akipinda pindo la sare ya shule.

"Mama katoka?"

"Katoka."

"Na sukari hajatia," mkewe alisema, akainuka kuitafuta.

Pindo halijaisha, mama mkwe alikuwa amerudi kitini. Begani alikuwa na theluji kidogo, akaikung'uta kama mtu anavyokung'uta unga.

"Leo huko kulikuwa na baridi," alisema. "Nilikuwa nasema nini?"

Hakuna aliyekumbuka.

Mambo yalianzia dirishani. Zamani mpiga video alikuwa akipiga harusi, mpaka kila mwenye simu akawa mpiga harusi. Ndipo alipohamia kwenye video fupi za kuuza mtandaoni, zile ambazo watengeneza matangazo hununua wanapokosa picha zao wenyewe. Alipiga nyanya zikikatwa, mvua ikipiga bati, watu wazima wakipeana mikono. Hazikununuliwa. Asubuhi moja akamkuta mama mkwe amesimama kwenye dirisha la sebuleni. Mama huyo alikuwa amepiga pasi nguo za watu maisha yake yote katika kiwanda cha dobi, na sasa amekuja kwa bintiye kupumzika. Alikuwa anamngoja muuza mboga. Mwanga ulimkaa usoni vizuri.

"Mama, tulia hivyo hivyo kidogo, napima mwanga."

Akatulia. Hakuambiwa ni ya nini, naye hakuuliza. Mkwe hahojiwi kuhusu mwanga wake.

Video ilipopata mnunuzi wa kwanza, mama mkwe alitoka nyumbani bila kupita mlangoni. Aliporudi alieleza kwamba alikuwa amesimama dirishani kwa watu asiowajua, na sauti ya mwanamume ilikuwa ikisema kwamba anaumwa magoti.

"Magoti yangu yana nini?"

Bintiye akainama kuyabonyeza. Hayakuwa na kitu.

"Ni biashara, mama," mpiga video alisema. "Video ikinunuliwa, inabidi uende."

"Kumbe. Si mngeniambia, nivae viatu."

Tangu siku hiyo akawa anashinda na viatu ndani ya nyumba.

Tovuti aliyouzia video ilikuwa na mshauri wa wauzaji, dada mwenye sauti ya asali, ambaye alimpigia simu mpiga video kumpa mbinu.

"Kaka, video yako ina sura, lakini haina maneno ya kutafutia. Mnunuzi haoni, anatafuta. Umeandika 'mama, dirisha, asubuhi'. Hayo kila mtu anayo. Huyu mama ana nini moyoni?"

"Anamngoja muuza mboga."

"Hakuna anayetafuta hicho. Tumpe upweke."

Wakampa upweke. Wakaongeza uzee, ujane, maradhi, umaskini. La mwisho dada yule alilitaja kwa upole, kama anayeomba chumvi: ametelekezwa. Mpiga video aliliandika. Kisha mshauri akamwambia ashushe bei, wateja wakishazoea ndipo aipandishe.

Mauzo yakapanda. Walihamia nyumba yenye bomba la maji ndani, na mkewe akapata cherehani ya umeme. Mama mkwe akawa haonekani ila kwa vipande. Alianza kuchambua mchele akamaliza mwingine. Alipiga chafya jikoni akaimalizia pengine. Sala yake ilikatika katikati, akairudia, ikakatika palepale.

"Jana nimefiwa mara tatu," alisema. "Nilizika mume mmoja tu, na alitosha."

"Vumilia, mama. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza."

"Sasa mimi ni kipi, baba? Maana najiuza na najitembeza."

Wakacheka wote watatu. Kicheko kilipoisha kiti chake kilikuwa kitupu.

Kilichomtesa bintiye kilikuwa kingine. Alikuwa mjamzito, na tangu tumbo lilipoonekana mama yake alikuwa na jambo la kumwambia. "Kabla yako," alianza siku moja wakikunja nguo, "alikuwepo mwenzio." Akatoweka, na shati likashuka chini likiwa limekunjwa nusu. Siku nyingine alianza tena, "Kabla yako alikuwepo mwenzio, nilimpata wakati wa..." Binti akawa anamfuata chumba hadi chumba, ameshika kazi yake mkononi, asije akakosa neno litakalofuata. Usiku hakulala vizuri. Mchana alishona mikono ya kushoto miwili kwenye gauni moja.

Mtoto alizaliwa, wa kike. Mama mkwe alimpokea, akamnusa utosi, akaondoka. Mtoto alibaki hewani, amelala, kisha akashuka mpaka kwenye mkeka bila kuamka. Mama yake alimwokota, akamfunika.

"Mume wangu," alisema bila kupaza sauti, "mtoe mama yangu sokoni."

Mpiga video akampigia mshauri. Dada yule alimweleza kwamba kufuta hakusaidii, kwani waliokwisha kununua wanayo. Ila kama wateja wamemzidi, apandishe bei. Akaipandisha mpaka mahali pa mzaha, bei ya mtu asiyetaka kuuza.

Matangazo ya zamani yakaisha moja baada ya jingine, na mapya hayakuja. Nyumba ikatulia. Mama mkwe alikunywa chai mpaka akakiona kitako cha kikombe. Akavua viatu, akavisukuma chini ya kitanda. Bintiye akasogeza kigoda karibu naye.

"Haya, mama. Mwenzangu."

"Kesho, mwanangu. Leo niache nilale usingizi ulionyooka."

Kesho yake asubuhi simu iliita. Mshauri alikuwa anashangilia. Kampuni moja ya bima ilikuwa imeona bei ile, ikasema kitu cha bei hiyo lazima kina maana, na inataka haki zote za video, peke yake, moja kwa moja.

"Bei kubwa nayo ni tangazo, kaka! Bonyeza kukubali tu."

Palikuwa na kitufe cha kukubali, na cha kukataa kando yake, vyote ukubwa mmoja. Mkewe alikuwa uani anamwogesha mtoto, akimwimbia. Mpiga video akawasikiliza kidogo. Kisha akabonyeza.

Chumbani mama mkwe alikuwa anafunga kilemba. Alikaza fundo, akaondoka. Viatu vilibaki chini ya kitanda.

Sasa yuko kwenye skrini kubwa juu ya jengo la bima, kwenye mzunguko wa barabara, kutwa kucha. Chini ya dirisha lake pameandikwa: *Nani atamtunza mama yako?* Bintiye hufunga cherehani alasiri na kwenda na mtoto mgongoni. Askari wa barabarani amewazoea, huwasimamishia magari. Picha ni fupi, ikiisha inaanza upya, kwa hiyo mama hupata kusema neno moja au mawili tu kila mara. Sauti haisikiki, lakini bintiye alikulia mlangoni mwa kiwanda cha dobi, kwenye kelele za mashine, na midomo ya mama yake anaisoma tangu utotoni. Mpaka sasa amejua kwamba mwenzake alikuwa wa kike, na kwamba mvua ilikuwa inanyesha.

Wapita njia husimama pia. "Masikini, bibi wa watu," husema. "Hana mtu."

"Ana mimi," binti huwajibu. Hutikisa vichwa kwa huruma, wakaenda zao.

Siku moja mpiga video alikwenda naye. Mama mkwe alimwona, akasogea mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo, akasema kitu, picha ikakatika, akamalizia.

"Anakuuliza," mkewe alisema, "kama umewaambia kwamba ana mtoto."

Maneno yalikuwa palepale alipoyaandika mtandaoni, yote, hata lile la mwisho, ametelekezwa.

"Mwambie nimewaambia."

Mkewe alimtazama. Kisha akainua uso na kusema "amewaambia" polepole, kwa midomo iliyofunguka vizuri. Mama mkwe akaitikia kwa kichwa, akampungia mkwewe mkono wa shukrani, na picha ikaanza upya.