Panya Sitini na Vifuko Vipya

Dobi akiona kitu kimechakaa, mkono humwasha. Ndivyo alivyokuwa mama mmoja aliyefua na kupiga pasi nguo za watu kwa miaka ishirini, na mkono huo nusura umponze binti yake wa pekee. Wazazi wenye mikono ya namna hiyo na wasikie.

Binti mwenyewe alikuwa mtu mzima, fundi wa simu mwenye meza yake mjini. Lakini kila jioni alitandaza kadi zake sitini mezani akaanza kusemezana nazo. Mwanzoni mama aliingiwa na wasiwasi, maana kwake kadi ni kadi, na kadi ni kamari. Ilimchukua mwaka mzima kuelewa kwamba hapa hakuna dau. Ni vita vya karatasi: kila mchezaji anakuja na jeshi lake, huyu kabila la majoka, yule kabila la mashujaa, na anayelimaliza jeshi la mwenzake ameshinda. Katika makabila yote hayo, binti yake alikuwa amechagua panya.

"Mwanangu, hata kwenye karatasi umekosa mnyama wa maana?"

"Panya mmoja ndiye hana maana, mama. Lakini kila anayeingia anawatia nguvu wenzake. Wakifika sita, joka linatafuta mlango."

Shida ni kwamba majoka hayakusubiri wafike sita. Miaka miwili binti alichapwa kila alipokwenda, mpaka wenzake wakambandika jina la Panya. Dawa yake ilijulikana: muue Mfalme wa Panya, kadi yake moja kubwa, na waliobaki watatawanyika wenyewe. Basi mwaka huu alikaa akalipangua jeshi upya. Akamtoa Mfalme, akatoa na kadi zote za kujionyesha, akajaza panya wadogo zaidi pamoja na kadi za Shimo, ambazo panya akiuawa humrudisha mkononi mwa mwenyewe. Mama alipiga pasi huku akielezwa, hadi siku moja akajikuta anauliza je, wakileta ule moto wao wa kuchoma meza nzima? Binti akafurahi kuulizwa. Akamwambia kwamba sasa hawatoki wote, wawili wanatangulia na watatu wanajificha mkononi mpaka moto upite. Kidole kimoja hakivunji chawa, ni kweli, lakini vidole vyote havitiwi motoni kwa pamoja.

Mashindano ya jiji yalikuwa Jumamosi. Asubuhi hiyo, binti yuko bafuni, mama akaliona fungu la kadi mezani. Kila kadi huvaa kifuko cheusi cha plastiki isichafuke, na baadhi ya vifuko vilikuwa vimepasuka pembe. Mkono ukamwasha. Kwenye droo palikuwa na vipya, vyeusi vilevile. Akavua vilivyopasuka, kumi na vinne, akazivisha kadi zile vipya, akalinyoosha fungu kama shati lililotoka kwenye pasi. Alitaka kumwambia binti, lakini mteja akabisha hodi akidai suruali yake, na jambo likampita.

Ukumbi ulikuwa ghorofani, juu ya duka la vipuri vya magari. Mama, aliyekuja kwa mara ya kwanza, alikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na meza ya binti yake, mkoba mapajani. Mpinzani wa kwanza alikuwa bingwa wa mwaka jana, mtu wa majoka, waliyemwita Injinia.

"Leo nimekuja na sumu, Panya," alisema akivuta kiti.

"Iweke mbali na chupa yako ya maji, kaka, usije ukasahau."

Kabla ya kucheza, kila mmoja huchanganya kadi za mwenzake. Injinia alichanganya za binti, akasita, akazielekeza dirishani penye mwanga. Kisha akainua mkono kumwita mwamuzi.

Mwamuzi, mwanamke wa makamo mwenye miwani ya kamba, akazitenganisha: zinazong'aa huku, zilizofubaa kule. Akasema bila ukali kwamba kadi kumi na nne zinatambulika kwa mgongo. Mchezaji anayeijua kadi yake nzuri kabla hajaivuta anahesabiwa mwizi, na mwizi hufungiwa miaka miwili.

"Sijabadilisha kitu mimi," alisema binti.

Mama alipima maneno. Akisema, wataambiwa wamekula njama, mtu na mama yake. Akinyamaza, mtoto ataondoka na jina la wizi. Akasimama.

"Dada, ni mimi. Yeye alikuwa anaoga. Niliona vimechanika nikavibadilisha. Mimi ni dobi, mchezo wenu siujui."

"Kila mwizi ana mama," alisema Injinia.

Mwamuzi alimgeukia mama. Alimuuliza mama kwa nini hizi kumi na nne na si nyingine, mama akasema ndizo zilizopasuka pembe, wala hakuzigeuza kuziona uso. Hapo mwamuzi akaanza kuzigeuza moja moja. Panya. Shimo. Panya. Panya. Shimo. Panya. Kwenye kadi za majoka, mwamuzi alieleza, joka kubwa ndilo linaloshikwashikwa na ndilo linalochakaa kwanza. Kama vifuko vipya vingekuwa juu ya kadi kali tupu, hakuna mama ambaye angemwokoa mtu. Lakini jeshi lisilo na mkubwa huchakaa sawasawa.

"Hapa hata angetaka kuiba, angeiba nini?" alimwambia Injinia. "Zote ni panya."

Akampa binti onyo, na dakika kumi za kuzivisha zote sitini vifuko vipya, vilivyouzwa palepale mlangoni. Mama akasogeza kiti chake mezani. Akanyoosha mikono asaidie, akaizuia hewani.

"Niguse?"

"Gusa, mama. Leo una kibali." Wakavisha, kisha binti akasema, "Si ungeniambia tu."

"Ningekwambia. Mteja alikuja."

"Mteja," binti akarudia, akaanza kucheka, na mama naye kicheko kikamtoka pamoja na machozi.

Moto wa Injinia ulikuja mara mbili, na mara zote mbili ulikuta panya wachache mezani. Mama hakuuona. Usingizi wa mtu aliyeponea chupuchupu ulikuwa umemchukua palepale kitini, kinywa wazi. Binti alipomtikisa bega, neno la kwanza lilikuwa: "Wamekufukuza?"

"Nimeshinda, mama. Naendelea na mechi ya pili."

"Kushinda ni kwako," alisema mama akijifuta mdomo. "Mimi nilitaka tu wasikufukuze."