Seli Zilizokataa Kusimama

Zilikuwa zimepandana. Niliifuta lenzi ya hadubini, nikatazama tena: seli za ngozi ya shangazi, ambazo jana yake zilijitandaza kwa adabu kwenye kitako cha chupa, sasa zilirundikana migongoni mwa wenzao.

Seli ya ngozi yenye afya ina haya. Hukua, hujigawa, na ikishagusana na jirani husimama. Hizi hazikujua jirani ni nini.

Nikamshuku papo hapo Chapuchapu, mwenzangu wa maabara. Tulitumia kabati moja la kukuzia seli. Yeye seli za saratani, mimi za ngozi safi. Sheria yetu ilikuwa moja: chupa za mmoja zifungwe, meza ipanguswe kwa spiriti, ndipo za mwingine zifunguliwe. Tone moja la seli zake lingetosha kuzimeza zangu, na yule bwana jina hakulipata bure.

Nikaanza kumchunga. Nilitia alama chupa yangu ya lishe ya seli, nikawa narudi kutoka chai kabla ya wakati. Akikohoa tu, namkata jicho. Kila nilipokosa kumnasa, shaka ilizidi kunenepa.

"Dada, unanitafuta nini?" aliniuliza siku moja, bila kugeuka.

"Ukweli."

"Basi zipime."

Shangazi ndiye aliyenilea. Maabara ilipohitaji ngozi ya mtu mzima, alikuja mwenyewe akiwa amejipamba, akamwinamishia daktari shingo. "Kata hapa, ubavuni mwa kidoa hiki cheusi," alisema. "Kinanikera kila nikivaa mkufu. Ukipita nacho kidogo sitakushitaki." Daktari alicheka, akakata hapohapo. Nilikumbuka kicheko hicho mara nyingi siku zile, na kila mara nilijilazimisha kumfikiria Chapuchapu.

Tulilinganisha vinasaba vya seli za chupani na vya mate ya shangazi, kisha na vya seli za Chapuchapu. Maneno ya kumshitaki nilikuwa nimeshayapanga. Mkuu wa maabara aliyasoma majibu, akanivutia kiti.

"Ni za shangazi yako," alisema. "Zote. Hakuna ngeni hata moja."

Sijawahi kutamani mtu awe na hatia kama nilivyotamani siku ile. Nilimtazama Chapuchapu kama mtu anayeomba. Alivua glavu moja, kisha ya pili, bila haraka yoyote.

"Haki ya Mungu, dada," alisema, "bora ningekuwa mimi."

Nyumbani nilimkuta shangazi akikunja nguo kitandani. Aliniangalia usoni, akaacha shuka nusu.

"Umegombana na nani, mwanangu?"

"Sijagombana na mtu. Vaa viatu, shangazi, twende hospitali."

Mkono wake ulipanda wenyewe shingoni, ukatulia pale. Kisha akainama, akaanza kutafuta viatu.