Polisi Wanaosimama Shuleni

Siku maoni ya wahakiki yalipotoka, Afande aliamka na furaha zake, akanywa chai, akaimba bafuni. Hiyo ndiyo ilikuwa furaha ya mwisho kwa siku nzima, kwa hiyo ni vizuri aliifaidi mapema.

Afande hakuwa askari hata kidogo. Alikuwa mtengenezaji wa gemu za kompyuta, na jina hilo alibandikwa na wenzake kwa sababu kazi yake ilikuwa magari ya polisi tu: yatoke wapi, yakimbie vipi, yamzingire mtu kona gani. Gemu yenyewe ilikuwa ya kukimbizana mjini. Unachagua kuwa mwizi wa gari au kuwa polisi, kisha unakanyaga mafuta mpaka vidole vife ganzi. Magari yanaruka madaraja, yanatua juu ya paa la ghorofa, yanaendelea na safari bila hata taa kuvunjika. Watu wanne walijifungia miaka mitatu katika chumba kimoja juu ya duka la rangi, wakivuta harufu ya rangi asubuhi mpaka jioni, ili kuikamilisha. Na kampuni ya kusambaza iliwaambia bila kupepesa macho: wahakiki saba watatoa alama, kila mmoja juu ya kumi. Wastani ukifika saba, mnatengeneza sehemu ya pili. Usipofika, kila mtu abebe kikombe chake aende kwao.

Honi, fundi wa sauti, ndiye aliyesoma maoni, kwa kuwa ana koo la kusikika mpaka barabarani.

"Polisi wa gemu hii hawana huruma," alisoma. "Hawakupi hata nafasi ya kumeza mate. Tano."

"Tano!" Bosi alipiga meza. Bosi alikuwa mtu mwembamba mwenye kupiga meza kwa kila jambo, hata akifurahi.

"Anayefuata huyu hapa. Polisi wapole mno, utadhani wamekuja kukusindikiza nyumbani. Sita."

"Sasa tuwafanyeje?" Afande aliuliza. "Wawe wakali asubuhi, wapole mchana?"

Wa tatu alitoa saba, akilalamika kwamba magari yanaruka sana. Wa nne alitoa sita, akilalamika kwamba magari hayaruki vya kutosha, na bila haya wala soni akakiri kwamba hakuvuka hatua ya pili. Jamani! Mtu hakuvuka hatua ya pili, halafu anakaa kitako kuandika kurasa mbili juu ya hatua ya kumi! Wa tano alitoa nane, Mungu ambariki. Wa sita alitoa tisa, ila alikosea jina la gemu mara mbili, na Bosi akakataza mtu yeyote asithubutu kumwandikia kumsahihisha.

Honi alijumlisha ubaoni. Arobaini na moja. Yule wa saba akitoa nane, wamepona. Akitoa saba, wamekwisha. Na wa saba alikuwa Mama Wembe, mhakiki ambaye tangu aanze kazi hiyo hajawahi kumpa mtu zaidi ya saba, na hiyo saba yenyewe huitoa kama mtu anayeng'olewa jino.

"Lakini kuna kitu kimoja," Honi alisema, akikuna kidevu. "Watatu kati ya hawa sita wanasema jambo lilelile. Eti polisi wakifika mtaa wa shule wanapunguza mwendo, wanasimama getini, wanakaa kama sekunde kumi, ndipo wanaendelea. Wachezaji wameshagundua. Wanakwenda kujificha hukohuko. Afande, polisi wako wana nini na shule?"

Afande alijifanya anatafuta kitu kwenye droo.

Alijua vizuri sana wana nini, kwa sababu yeye ndiye aliyewaambia wasimame. Au tuseme, ni baba yake.

Baba yake, Mzee, alikuwa trafiki mstaafu. Mwaka wa kwanza wa kazi Afande alimleta ofisini awaeleze jinsi polisi wanavyofukuza gari. Kosa kubwa! Mzee alikaa wiki tatu. Kila kitu kilimkera. Gari likiruka daraja, yeye anauliza nani kalipa leseni. Likigonga nguzo ya taa, anataka kujua nguzo hiyo ataijenga nani. Walimpa achezee, akachagua kuwa polisi, akasimama kwenye taa nyekundu, kisha akatoa kalamu mfukoni akaandika namba ya gari la mwizi kwenye karatasi. Honi alicheka mpaka akatoka nje.

Ombi lake lilikuwa moja tu. "Shuleni wasimame, mama," alimwambia bintiye siku ya mwisho. "Mengine yote fanyeni upuuzi wenu."

Kisa cha shule Afande alikuwa amekisikia tangu hajaota meno ya pili. Zamani, Mzee na wenzake walikuwa wanafukuza gari la wizi, magari matatu ya polisi nyuma yake, saa ya watoto kutoka. Walipofika mtaa wa shule, Mzee akasimama. Akawapigia wenzake honi wasimame. Hawakusimama. Walimpita kwa kasi mbele ya geti, wakamkamata mwizi mbele kidogo, na hakuna mtoto aliyeguswa hata unywele. Hapo ndipo Mzee alipoumia. Kwani angeweza kumwonyesha nani kwamba alikuwa na haki? "Si umeona?" wakamwambia. "Mbona hakuna aliyegongwa?" Wenzake walipandishwa vyeo, yeye akaandikiwa barua ya karipio kwa kumwachia mhalifu, akabaki na filimbi yake barabarani mpaka anastaafu. Alikisimulia kisa hicho kila mgeni alipokuja, na wanawe walikuwa wakikisikia kinaanza wanakimbilia jikoni.

Basi Afande aliiweka ile amri ndani ya gemu. Mstari mmoja mfupi wa programu. Ila alikuwa na mwenendo wake mbaya: jambo la aibu analifanya kimyakimya. Hakuliandika kwenye orodha ya kanuni, hakumwambia Bosi, hakumwambia Honi. Wahakiki walipotumiwa maelezo ya gemu, hapakuwa na neno hata moja juu ya shule. Wangejuaje?

Saa saba mchana ikaingia barua pepe ya Mama Wembe. Bosi aliisoma amesimama.

"Polisi wenu wanasimama shuleni. Ni kosa la programu au ni makusudi? Naomba jibu kabla ya saa kumi. Nasubiri hilo tu niandike alama."

Chumba kizima kilimgeukia Afande. Kulikuwa na Bosi, Honi, na mchoraji wa barabara, mwanamke mkimya aliyekuwa mjamzito wa miezi saba na ambaye mkataba wake ulikuwa unakwisha mwezi huo.

"Ni kosa?" Bosi aliuliza.

Afande alitaka kusema ni makusudi, ni ya baba yangu, huyo mnayemcheka. Lakini angeeleza vipi? Ndani ya gemu hamna hata mtoto mmoja. Watoto waliwaondoa mapema, maana gemu ya magari yenye watoto barabarani haipitishwi. Polisi wake walikuwa wanasimamia geti tupu! Mama Wembe angecheka, angetoa sita, na mambo yangeishia hapo.

"Ni kosa," alisema. "Nalitoa sasa hivi."

"Ala! Kumbe ni hivyo tu?" Bosi akapiga meza. "Miezi yote hii hukuliona?"

"Sikuliona."

Alilitoa kwa dakika mbili. Mstari mmoja tu, jamani, dakika mbili. Marekebisho yakatumwa, yakaenda yenyewe kwenye kila mashine yenye ile gemu, ya Mama Wembe ikiwemo, na Bosi akamjibu kwamba lilikuwa kosa, limeshatolewa. Afande alimkasirikia Mama Wembe kwa kuuliza, akamkasirikia Bosi kwa kupiga meza, akamkasirikia baba yake kwa kuwa na kisa kimoja tu maishani. Mwenyewe alijiweka mwisho wa foleni.

Saa kumi na nusu jibu likatoka. Honi alisoma. "Sasa polisi wana meno. Wanakufuata popote, hata mbele ya shule, na moyo unakwenda mbio. Nane."

Palikuwa na kelele mpaka mwenye duka la rangi akagonga dari kwa fimbo ya ufagio. Mchoraji alikaa chini akalia, mikono juu ya tumbo. Bosi alipiga meza mpaka chai ikamwagika. Afande alikumbatiwa na kila mtu, akasema ahsante, akachukua mkoba wake. Akasema kichwa kinamuuma, na hakudanganya.

Jua lilikuwa bado halijazama alipofika nyumbani. Mzee alikuwa sebuleni mbele ya runinga, pedi ya gemu mapajani. Tangu alipoletewa ile gemu alikuwa akiicheza kila siku baada ya chakula cha mchana, polisi siku zote, taratibu, na hajawahi kumkamata mtu. Kwenye kioo gari lake lilikuwa limesimama mbele ya geti la shule. Lilikuwa peke yake.

"Wamenipita," alisema bila kugeuka. "Nimesimama, wao wamenipita. Wote watatu. Jana tulisimama pamoja."

Afande alibaki mlangoni na viatu vyake mkononi.

"Nimeizima nikaiwasha mara tatu," Mzee aliendelea. "Nimewapigia honi. Hawasikii. Mashine imeharibika, mama?"

Angeweza kusema ndiyo. Alishadanganya mara moja siku hiyo, na ya pili ingekuwa rahisi zaidi. Lakini alimtazama mzee yule, na shingo yake iliyokonda ndani ya kola, akashindwa.

"Haijaharibika, Baba. Ni mimi. Leo nimewaambia wasisimame."

Mzee aligeuka polepole. "Walikulazimisha?"

"Waliniuliza kama ni makusudi. Nikasema ni kosa."

Alingoja agombezwe. Aliomba agombezwe. Miaka yote hiyo mtu huyu hakuacha kugombeza, kwa kijiko kilichowekwa vibaya, kwa taa iliyoachwa inawaka, iweje leo anyamaze?

"Na kazi yenu?" Mzee aliuliza.

"Tumepata, Baba. Tunatengeneza sehemu ya pili. Wote tunabaki."

"Hongera, mama," alisema, na ilikuwa hongera ya kweli, haina kijembe ndani yake. Afande alitaka kusema kesho atairudisha ile amri, atawaambia wote, lakini alijua hatairudisha, na baba yake alijua pia, ndiyo maana hakumwomba.

Mzee aligeukia runinga. Ving'ora vya wenzake vilikuwa vinasikika kwa mbali, huko mbele ya barabara. Alishika pedi kwa mikono miwili, akahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, bila haraka, mpaka kumi. Kisha akawasha taa ya kuashiria, akatazama kulia na kushoto, akaondoka kuwafuata.