Ukwaju Nyuma ya Pazia

Kila Jumanne alasiri Masouda humsindikiza mjukuu wake, Shatha, kwenye ukumbi wa ngoma ya Kihindi, ghorofa ya pili, nyuma ya kituo cha mabasi cha Ruwi. Hukaa kwenye kiti cha plastiki na chupa yake ya kahawa. Mwalimu Vasanthi husema mchezaji halii. Kazi yake ni kuitia hisia kinywani mwa mtazamaji. Na ndivyo ilivyo. Mwanafunzi akicheza furaha sawasawa, waliokaa huonja halua. Akicheza hofu, huonja kutu.

Wiki tatu kabla ya onyesho lake la kwanza la peke yake, Shatha alifika kwenye sehemu ya wivu: mke anayenusa kwenye kanzu ya mumewe udi wa nyumba nyingine. Macho, nyusi, vidole, vyote vilikaa mahali pake. Masouda alisubiri. Alionja kahawa tu.

Pauline, Mkenya aliyeiacha nchi yake kuja kufanya usafi pale, alikuwa mlangoni akipiga deki. Kwenye video ya simu yake, mwanawe Ivy, huko Kisumu, alikuwa akimkimbilia dada yake Pauline, anayemlea, na kumwita mama. Pauline akageuza shingo kidogo, akashusha macho. Ukumbi mzima ukaonja ukwaju mbichi. Mpiga ngoma aliomba maji.

“Bibi, umeonja ya nani?” Shatha aliuliza.

“Yake, mwanangu.”

“Wallahi mimi nnasoma mwaka wa tisa huu!”

“Na yeye mwaka wa sita hajampakata mwanawe.”

Tangu siku hiyo Shatha alipita kwa makusudi palipodekiwa, na viatu. Nyumbani alijaribu mbele ya kioo. Alionja dawa ya meno.

Mwalimu hakulifanya jambo hilo kubwa. Siku ya onyesho alimweka Pauline nyuma ya pazia, na simu yake yenye video ile. Shatha alicheza. Watu mia mbili walikunja nyuso kwa ukwaju, kisha wakasimama kupiga makofi. Maua yote akapewa Shatha.

Masouda alimpelekea Pauline kahawa na tende mbili.

“Asante, mama. Wameipenda?”

“Sana, mwanangu. Kaa kwanza, unywe.”

Pauline alikunywa, akaanza kufagia maua yaliyokanyagwa. Simu ikalia.

“Anti,” Ivy aliuliza, “umemaliza kazi?”

Chini, garini, Shatha alikumbatia maua yake, akaonja ukwaju tena, akaomba maji.