Mstari wa Daktari Borafya

Usimchezee mtoto aliyehifadhi Kurani. Mwanakheir wa Chwaka alikuwa na juzuu kumi kichwani kabla hajajua kufunga kamba za viatu, basi alipoingia chuo kikuu kusoma hisabati akaona ni yale yale. Akazichukua noti za Daktari Borafya, akazihifadhi nukta kwa nukta. Maana angeijua mbele ya safari.

Mbele ya safari mtihani ukaja na x badala ya a, akafeli. Sasa yupo ubaoni, mtihani wa marudio, wa mdomo, yeye na Daktari peke yao. Akianguka na huu, anarudia mwaka mzima.

"Thibitisha kwamba kipeuo cha pili cha mbili hakiandikiki kwa sehemu," akasema Daktari.

Alhamdulillahi, hiyo anayo! Akafumba macho, akaanza kuyumba, sauti ikipanda na kushuka. "Tuseme ni a juu ya b, zisizo na kigawanyo cha pamoja... a mara a ni shufwa, kwa hiyo a ni witiri..."

"Hebu rudia hapo."

Masikini! Kwa ustadhi wake kule Chwaka, ukiambiwa rudia ujue hujasikika. Akapaza sauti. "Kwa hiyo a ni witiri!"

"Nani kakufundisha upuuzi huo?"

"Wewe, mwalimu. Ukurasa wa saba."

Daktari akafungua noti zake mwenyewe. Lahaula! Kosa limekaa kitako, mwaka wa tisa huu. Wanafunzi wameliandika, na yeye kalipigia vema. Jasho likamtoka.

"Basi lisahihishe," akasema, mpole ghafla.

Hapo hapakuwa na cha kukariri, na Mwanakheir aliogopa kwelikweli. Akajaribu kwa vidole. Tatu mara tatu, tisa. Tano mara tano, ishirini na tano. Eh!

"Witiri mara witiri, kila siku inabaki moja haina mwenzake. Haizai shufwa! Basi a ni shufwa, mwalimu. Na b nayo itakuwa shufwa, zote mbili zinagawanyika kwa mbili... na tulisema hazina kigawanyo cha pamoja! Haiwezekani!" Alifurahi mpaka akaangusha chaki.

"Umefaulu. Nenda zako."

Hakwenda. Alikuwa ameukodolea macho ukurasa uliokuwa wazi mezani.

"Una nini tena?"

"Mstari wa chini yake, mwalimu," akasema. "Nao siuamini."